Kibodi ya Katibu

Mtaa mzima ulimwita Mzee Taipu, na hata barua zilizoandikwa jina lake halisi zilimfikia kwa sababu tu mpeleka barua alijua kuwa ndiye huyo. Alianza kutengeneza taipureta akiwa na miaka kumi na tisa, na alipofika sitini na nane alikuwa bado anatengeneza chochote chenye vitufe: mashine za kujumlishia, simu za mezani, rimoti za televisheni. Taipureta zenyewe zilishampa kisogo zamani. Kompyuta zilipoingia maofisini alinuna karibu mwaka mzima, kama mtu aliyeporwa mchumba, kisha njaa ikamtia adabu akajifunza kuzifungua. Hakuwahi kuzipenda. Alichokipenda ni kibodi peke yake, kwa kuwa ndiyo sehemu ya kompyuta ambayo mtu anaigusa na yenyewe ikamjibu kidoleni.

Alikuwa fundi kwelikweli, na ufundi wake ulikuwa na ugonjwa mmoja: hakujua kuacha. Ukimpelekea redio iliyokatika waya mmoja, utaipata baada ya wiki mbili, waya umeungwa, skurubu zote zimesafishwa, na kitufe ambacho hukuwahi kukilalamikia kimebadilishwa. Ukimwambia ulikuwa na haraka, alikutazama kana kwamba umemtukania wazazi. Wateja walimvumilia kwa sababu kitu kilichotoka mikononi mwake hakikurudi. Mkewe alimvumilia kwa sababu anazozijua mwenyewe.

Mkewe ndiye Katibu. Alikuwa karani wa kuchapa, baadaye katibu muhtasi, katika ofisi moja ya usajili wa viwanja, na huko ndiko walikoonana mara ya kwanza, yeye ameketi mbele ya taipureta iliyokwama, na fundi kijana amepiga magoti chini ya meza akipapasa sakafu.

"Umeipoteza skurubu?" akamuuliza.

"Haijapotea. Imejificha tu."

"Kama imekuona ikajificha, basi ina akili," akasema Katibu, wala hakucheka.

Ulimi wake ulikuwa hivyo maisha yake yote. Hakupaza sauti wala hakutukana mtu, lakini neno lake moja lilitosha kumrudisha mkurugenzi mzima chumbani kwake na kumfanya afunge mlango taratibu. Nyumbani alimwita mumewe Fundi, naye mumewe alimwita Katibu, na binti yao wa pekee alifika darasa la kwanza akidhani hayo ndiyo majina ya wazazi wake.

Kompyuta ya kwanza kuletwa pale ofisini ilikuja na kibodi ya rangi ya maziwa, nzito, yenye bamba la chuma ndani, ambayo ungeweza kubomolea mlango. Katibu alikuwa amefundishwa kwa taipureta ya mkono, na vidole vyake vilikuwa vya kugonga. Mkurugenzi mpya alipomsikia anachapa kwa mara ya kwanza, alimtuma tarishi akaulize ni nani amemuudhi. Kibodi ile ilimstahimili miaka ishirini na mmoja. Kompyuta zilibadilishwa mara tano, na kila mara aliichomoa akaichomeka kwenye mpya, na siku ya kustaafu aliiomba kwa barua rasmi aliyoichapa kwa kibodi hiyohiyo. Akarudi nayo nyumbani ameibana kwapani.

Halafu ukaja ugonjwa, na ugonjwa ulianza na ulimi. Kwanza herufi R ikawa nzito mdomoni, watu wakasema ni meno. Kisha sentensi zikaanza kuburura miguu, na mwenye duka wa jirani akawanong'oneza wateja wake kwamba siku hizi mama yule anakunywa. Hospitali walipima hiki na kile kwa miezi mitano. Mwisho daktari akawaita wote wawili chumbani kwake, akafunga mlango kabla ya kukaa, na daktari akifunga mlango kabla ya kukaa, ujue. Mishipa ya fahamu inayoamrisha misuli ilikuwa inakufa mmoja baada ya mwingine, akawaeleza. Imeanzia kooni, itashuka mikononi, mwisho itafika kwenye pumzi. Dawa ya kuponya hakuna.

Katibu alimsikiliza mpaka akamaliza. "Na akili je?" akauliza kwa tabu.

"Akili itabaki nzima, mama."

"Hapo ndipo mlipoamua kunionea," akasema.

Mwaka haukuisha, sauti ikawa imekwenda kabisa. Macho nayo yalikuwa na mtoto wa jicho, na daktari wa macho hakuthubutu kumlaza chali ampasue, kwa jinsi pumzi yake ilivyokuwa fupi. Kwa hiyo simu ya kioo haikumfaa; kioo hakina kingo, kidole hakijui kimesimama wapi. Lakini mtu aliyechapa miaka arobaini hahitaji macho kwenye kibodi. Mzee Taipu aliiweka kompyuta kuukuu kando ya kitanda, akaichomeka kibodi ya rangi ya maziwa, akakuza maandishi mpaka yakaenea kioo kizima. Katibu akawa anachapa bila kuona, na waliomo chumbani wanamsomea. Maneno yake ya kwanza yalikuwa: "Mwambieni mwenye duka nimeacha pombe."

Wakacheka wote, na yeye akacheka kwa mabega. Wakapata miezi sita ya namna hiyo, miezi ambayo mtu akikaa nje ya dirisha alisikia vitufe vikigonga na watu wakicheka, asingedhani kuna mgonjwa.

Kisha vidole vikaanza kuchoka. Wa kwanza kuliona jambo hilo alikuwa muuguzi mstaafu wa nyumba ya pili, ambaye alikuja kila asubuhi kumgeuza Katibu na kumnyoosha viungo. Alimwona anavyosogeza bega zima ili kidole kimoja kishuke.

"Shemeji," akamwambia Mzee Taipu kule ukumbini, "huyu anapanda mlima kwa kila herufi. Hiyo mashine yako inamla. Mtafutie nyepesi."

Binti yao akaleta kibodi mpya kutoka dukani, nyembamba, bapa, yenye vitufe vilivyolala. Katibu aliijaribu mara moja. Vidole vikateleza, vikapotea njia, na kilichotoka kwenye kioo hakikusomeka na yeyote. Akaisukuma kando kwa kiwiko. Tuseme ukweli, Mzee Taipu hakusikitika. Alikuwa ameitazama ile kibodi tangu inatoka kwenye boksi kwa jicho la baba anayetazama mkwe asiye na kazi.

Kesho yake akaenda kwa mama muuza vipuri, ambaye duka lake liliuza kila kitu cha kompyuta isipokuwa kompyuta yenyewe. Mama yule akamwagia mezani swichi ndogo za plastiki, kila moja ikiwa na springi yake ndani na kijiti cha rangi juu.

"Hizi za kisasa, mzee. Wanazitaka sana wale wanaocheza gemu. Hizi nyeusi nzito, hizi kahawia za wastani. Na hizi hapa, ukizipumulia tu zinaandika."

Mzee Taipu alibonyeza ile nyepesi. Akaibonyeza tena. Alisimama pale kaunta akiibonyeza mpaka mama muuza vipuri akahudumia wateja watatu na kurudi. Mpango ulikuwa umeshajipanga kichwani: mwili wa zamani, roho mpya. Ataondoa swichi zote za zamani, atatia hizi nyepesi, na vidole vya Katibu vitakuta kila herufi mahali vilipoiacha. Kwa hapo alikuwa sahihi kabisa.

"Siku nne," akamwambia mkewe, kibodi tayari iko chini ya kwapa lake. Katibu akainua nyusi. Nyusi zikipanda ilikuwa ndiyo, macho yakifumba ilikuwa hapana. Hayo walikubaliana mapema, kwa saa zile ambazo mikono ilikuwa imelala.

Meza yake ya kazi ilikuwa chumba hichohicho, upande wa dirisha. Akawasha pasi ya kulehemu, akaanza kuyeyusha risasi na kung'oa swichi moja moja. Zilikuwa mia moja na moja. Akakuta matundu ya lile bamba la chuma yamebana swichi mpya kidogo tu, unene wa kucha, akashika tupa akayapanua. Akakuta vifuniko vya herufi vya zamani vina tundu la mraba na swichi mpya zina kijiti cha msalaba. Akakata rula za plastiki, akachonga vipande vya kuunganishia, kimoja kimoja, kwa kisu na jicho. Siku ya nne ilipofika alikuwa bado anapiga tupa.

Jumapili binti akaja, akakuta mama yake amelala kimya anatazama dari na baba yake amejikunja mezani.

"Baba, ziko ngapi zimebaki?"

"Sitini na kitu."

"Herufi zote hazifiki thelathini. Hizi za juu, na hizi za namba huku pembeni, mama hajazigusa tangu astaafu. Weka herufi, mrudishie leo."

"Kazi nusu siifanyi, mwanangu."

"Sijasema kazi nusu. Nimesema mama hana sauti."

Alimsikia. Wala hakumkasirikia. Alimjibu, "Kesho kutwa," akaendelea kuchonga, na siku nne zikawa siku kumi na saba. Kwa siku zote hizo Katibu alisema ndiyo na hapana tu. Mwenye ulimi ule, siku kumi na saba za ndiyo na hapana.

Siku ya kumi na nane akamwekea kibodi mapajani juu ya ubao, akamshika vidole akavipanga. Ilikuwa kazi nzuri. Kwa nje usingejua kama imeguswa, na ndani kila kitufe kilishuka kwa uzito wa kidole chenyewe, bila kuombwa. Katibu akavisikilizia vitufe kwa vidole. Kisha akaandika: "Nilidhani umeenda kujenga kiwanda."

Mzee Taipu alicheka mpaka akashika mlango. Baadaye akatoka uani, akasimama peke yake, akafuta macho kwa mkono wa shati. Alimpenda mwanamke yule kupita anavyoweza kusema, na kwa kuwa hakuweza kusema, alitengeneza.

Muuguzi alipokuja alimwita tena ukumbini.

"Shemeji, nisikilize. Mikono inaondoka, na haitachukua muda. Sasa hivi ana nguvu asubuhi tu, mistari mitatu au minne, basi. Ni chaji ya simu mbovu, ikiisha imeisha mpaka kesho. Kama kuna mazungumzo yenu ya maana, yawe asubuhi, na yawe sasa."

"Nimekuelewa, shemeji," akasema. Akaelewa kwa namna yake.

Kwanza ilijitokeza kwamba swichi zilikuwa nyepesi kupita kiasi. Katibu akipumzisha mikono juu ya vitufe, kibodi iliandika yenyewe, safu nzima ya herufi zisizo na maana. Springi za zamani zilikuwa zinambebea mikono, na yeye Mzee Taipu, fundi wa miaka hamsini, hakulifikiria hilo. Likamuuma. Akaamua kila kidole kipewe springi yake: cha shahada nzito kidogo, cha pete nyepesi, kidole cha mwisho nyepesi kuliko zote. Akawa anapanga nati ndogondogo juu ya kitufe, moja moja, mpaka kishuke, apate kujua kinabeba kiasi gani. Lakini nati hazisemi vidole vinajisikiaje. Hilo alilijua Katibu peke yake, na Katibu alikuwa na nguvu asubuhi.

"Gonga safu ya kati," alimwambia, ameshika bisibisi. "Vizuri. Sasa ya juu. Kidole cha pete vipi?"

"Nzito," aliandika Katibu.

"Cha kushoto au cha kulia?"

"Kushoto."

"Ngoja. Sasa je?"

"Sawa."

Mchana alifungua, akabadilisha springi mbili tatu, akafunga. Asubuhi ya pili vidole vilikuwa vimeshapungua nguvu tena, kipimo cha jana hakifai, na kazi ikaanza upya. Alikuwa anakimbizana na ugonjwa kwa springi, na kila alipofika ugonjwa ulikuwa umeshapita. Akiridhika na safu zote, mkono wa Katibu ulikuwa umeshalala juu ya shuka. Naye hakuwahi kukataa. Labda aliona mumewe hana kimbilio jingine. Siku ambazo binti alikuja, Mzee Taipu aliweka bisibisi chini na kuwapisha, kwa adabu, mtu na mama yake wazungumze. Na muuguzi naye alipewa sentensi yake kila siku, kwa sababu muuguzi hakuja na bisibisi.

Tena kulikuwa na hitilafu moja iliyomkosesha usingizi. Mara chache, si kila siku, herufi iliyogongwa mara moja ilitoka mara mbili. Alijua chanzo kiko kwenye ule mtambo mdogo wa ndani unaosoma vitufe: ulitengenezwa kwa swichi za zamani, na swichi mpya zina mtetemo kidogo zinapogusana, basi wenyewe ukadhani umegongwa mara mbili. Lakini kila alipoitafuta hitilafu ilitulia. Alihitaji kuiona inafanyika.

Asubuhi ya siku ya kumi na moja tangu airudishe kibodi alikuwa amesimama kando ya kitanda, bisibisi mkononi, hajauliza kitu bado, Katibu akaanza kuandika mwenyewe. Aliandika polepole sana, bega linapanda, kidole kinashuka. Mzee Taipu akageukia kioo. Ikatoka hivi:

"fundi aacha hhizo kaa hapa nnataka kkukuambia"

Alisoma herufi, hakusoma maneno. Mara nne katika mstari mmoja!

"Hiyo hapo! Nimeikamata, Katibu! Subiri kidogo, usichoke, dakika tano tu."

Akaiinua kibodi kutoka mapajani mwake. Katibu hakuwa anaona, na kidole chake cha shahada kilishuka mara moja, kisha mara ya pili, juu ya shuka, ndipo akaelewa kwamba haipo. Akaacha mkono pale ulipo. Mzee Taipu alikiona kidole kile. Alikiona kwa pembe ya jicho akiwa ameshageuka, akakiacha nyuma yake, akaenda mezani kwenye mwanga.

Dakika tano zilikuwa saa tatu. Aliubadilisha ule mtambo wa ndani, akaweka mpya aliokuwa ameununua kwa mama muuza vipuri, akalehemu nyaya kwa mpangilio mzuri sana. Akajaribu kila kitufe mara hamsini, hakuna kilichojirudia. Aliporudi kitandani Katibu amelala usingizi.

Kesho yake akampangia vidole juu ya vitufe. Akasubiri. Akasubiri tena. Kidole cha shahada kilitetemeka bila kushuka, na vingine havikutetemeka. Wakajaribu mchana, wakajaribu asubuhi iliyofuata, na iliyofuata. Muuguzi akashika ule mkono, akaubonyeza kiganjani, akautua taratibu.

Jumapili binti akaja, akaketi mbele ya kompyuta. Yote aliyoandika mama yake kwa siku zile kumi na moja yalikuwa bado yamo, na akaona ayasome kwa sauti, mama yake asikie na wacheke kidogo. Akasoma ya kwake: "Kabati la juu kuna shuka mpya. Nilikuwa nawawekea wageni. Wageni ni nyinyi, zitumieni." Akasoma: "Usinililie usoni, machozi yako yanaingia masikioni mwangu." Akasoma ya muuguzi: "Mikono yako ina baridi, ungefaa kuuza samaki." Macho ya Katibu yakacheka. Muuguzi, aliyekuwa anakunja taulo, akageukia ukutani.

"Na haya mengine ni nini?" binti akauliza, akaendelea kusoma. "Nzito. Kushoto. Sawa. Nzito kidogo. Sawa. Nimechoka. Cha pete. Sawa. Sawa." Yalikuwa kurasa na kurasa, na katikati safu za herufi za majaribio. Sauti yake ikapungua kasi alipoanza kuelewa anachosoma. Akafika mstari wa mwisho, akausoma polepole, herufi zilizojirudia akaziruka. "Fundi, acha hizo, kaa hapa, nataka kukuambia."

Akageuka. "Baba. Alitaka kukuambia nini?"

Mzee Taipu alikuwa amesimama kwenye meza yake ya kazi. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona tangu azaliwe, aibu ya mwili mzima. Siku kumi na moja alizopewa, alizitumia zote kumuuliza mke wake habari za springi, na mke wake akamjibu. Na siku aliyokataa kumjibu, akamwambia aache, akae, yeye akafurahi kuona hitilafu.

Jioni walipobaki wawili, akavuta kiti karibu na kitanda.

"Katibu. Siku ile ulitaka kuniambia nini?"

Akaanza kumtajia herufi moja moja, na Katibu akainua nyusi kwenye herufi anayoitaka. Ilikuwa kazi ya jasho. Nyusi zenyewe zilikuwa zimeanza kuchoka, na mara mbili Mzee Taipu alipitiliza herufi, wakarudi mwanzo. Baada ya karibu nusu saa alikuwa na herufi saba kwenye karatasi. Akaziunganisha. Zilisema: "Imepita."

"Imepita vipi? Katibu, niambie."

Akafumba macho. Huenda kweli ilikuwa imepita, kitu cha asubuhi ile na mwanga wa asubuhi ile. Huenda ilikuwa ndefu mno kwa nyusi. Mzee Taipu hakujua, na kutokujua kulimkaa kifuani.

Kuanzia kesho yake hakukaa tena meza ya kazi. Kila asubuhi alivuta kiti, akakisia.

"Ulitaka kuniambia nioe tena?" Macho ya Katibu yakacheka, kisha yakafumba. Hapana.

"Ulitaka nipatane na kaka yangu?" Hapana.

"Ni ile siku mtoto alipolazwa, nikachelewa kuja kwa sababu ya mashine ya mteja? Nilikuambia gari liliharibika. Halikuharibika, Katibu. Nilikuwa namalizia kazi." Katibu akamwelekezea uso, inaelekea alijua siku zote. Hapana.

Asubuhi moja akamtaja yule mtoto wa pili, ambaye aliishi siku mbili, na ambaye kwa miaka thelathini hawakuwahi kumtaja, kwa sababu yeye Mzee Taipu alitoka hospitali siku ile akaenda moja kwa moja karakana. Alimtaja, na alipomtaja alilia kwa sauti, mzee mzima, kichwa ameinamisha kwenye godoro. "Ni huyo? Ulitaka tumzungumze?" Katibu akafumba macho, na safari hii alichelewa kuyafumbua. Lakini ilikuwa hapana. Hakuwa mtu wa kutia sahihi kitu ambacho si cha kweli, hata kwa kumhurumia mtu.

Alikisia wiki nne. Alipitia ndoa yao yote, mwaka kwa mwaka, nyumba kwa nyumba, akisema mambo aliyokuwa hajawahi kuyasema kwa mdomo, na kila asubuhi macho yalifumba. Asubuhi moja yalifumba kabla hajauliza. Muuguzi akaja, akaweka vidole shingoni, akamshika Mzee Taipu bega.

Baada ya maziko, wageni walipokwisha kutawanyika, binti alibaki siku chache kupanga chumba. Alitandua kitanda, akatandika shuka mpya za kabati la juu. Akaichomoa kibodi, akaipangusa, bila kufikiri akabonyeza vitufe viwili vitatu.

"Laini," akasema. "Hii kazi uliifanya vizuri sana, Baba."

"Ndiyo. Haina hitilafu hata moja."

Akaiweka chini. "Ulikuja kujua mama alitaka kukuambia nini?"

"Hapana."

"Pole, Baba. Pengine nguvu zilimwishia tu."

Mzee Taipu akatikisa kichwa. "Nguvu alikuwa nazo, mwanangu. Alikuwa katikati ya kuniambia," akasema, "nikamwondolea kibodi."